Mkia wa Herufi

Terminali ilikaa miaka thelathini na minne
katika chumba cha kuvulia nguo, nje ya sauna,
juu yake ndoo ya mbao na soksi isiyo na mwenzake.
Ravdna aliifuta vumbi kwa kiganja, akaichomeka,
akasubiri kama asubiriye mgonjwa ataje jina lake.
Kioo kikakohoa. Kisha rangi ya kaharabu,
na kishale kimoja kikipepesa:
nipo, sipo, nipo.

Zamani ilikuwa mali ya ofisi, kule Anár,
na aliyeikalia ni baba yake mdogo, Uula,
mwandishi wa daftari la wakazi na la wafu.
Mashine ilijua Kifini. Ilijua nukta mbili juu ya a.
Haikuijua herufi ile ya puani,
n yenye mkia,
ambayo sisi twaiunga kwa n, kwa g, kwa ritifaa,
ile ya ng'ombe, ile ya ng'ambo,
ile inayojirudia katika kung'ang'ania.
Kwao ni herufi moja tu, na kijiji chao kinayo mara mbili:
Áŋŋel.
Katika daftari la Uula kijiji kimeandikwa
Á??el.
Ukurasa baada ya ukurasa, watu wamezaliwa ndani ya swali,
wamezikwa ndani ya swali.

Katika kitabu cha maelekezo, penye doa la kahawa,
akakuta karatasi ya miraba:
nane kwa upana, kumi kwa urefu,
vyumba vingine vimejazwa penseli, vingine vitupu.
Kumbe Uula alikuwa ameichora.
Pembeni hesabu, kwa mwandiko wake wa kubana:
moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili,
jumlisha, ongeza sitini na tatu,
kila kipande cha safu kikawa alama moja ya kutumwa.
Na chini kabisa, kwa wino:
*Mkuu amesema, kwa watu sitini haina haja.*

Usiku ule baridi ilishuka nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ravdna akaketi na mwanawe Áilu, wa miaka kumi na mitatu,
waya mnene wa zamani umeungwa na kompyuta ya shule.
Kwanza hutumwa alama ya kutoroka. Mtoto akacheka:
"Inatorokea wapi?"
"Inatoka kwenye maneno," mama akasema,
"ikayatengeneze."

Mara ya kwanza kilitokea kiti kilichovunjika mguu.
Mara ya pili, uma.
Áilu akakuta walipokosea: tarakimu saba ya Uula
waliisoma moja.
Mara ya tatu ikasimama

ŋ

ya kaharabu, changa, mkia umepinda mno,
nukta moja imezidi kushoto.
"Niirekebishe? Ni mraba mmoja tu, mama."
"Iache. Huo ni mkono wake."

Wakaandika Áŋŋel. Wakaandika jiekŋa, yaani barafu.
Wakaandika máŋga, yaani nyingi,
wakalirudia neno hilo hadi kioo kikajaa nyingi,
na Áilu akalala palepale, shavu juu ya kibodi,
akiandika usingizini mstari mrefu wa j.

Alfajiri theluji iliangusha nguzo ya umeme.
Umeme uliporudi, mashine ilikuwa imesahau.
Fonti ya kupakiwa haina makao mle ndani,
ni mgeni wa umeme, hukaa ukikaa.
Ravdna hakushtuka.
Mama yake alirudi vivyo hivyo kutoka shule ya bweni,
amefutwa safi, anajibu kwa Kifini,
bibi akamfundisha upya mezani, neno kwa neno:
kijiko, mbwa, moto, wewe.

Akachemsha kahawa, akatia jibini kikombeni,
akaisogeza ile karatasi mbali na mvuke.
"Áilu. Amka.
Tuanze tena na kutoroka."